Regulata ya jiko la kuchomea nyama ikisumbua: dalili, sababu na la kufanya

Majiko madogo ya gesi ya kuchomea nyama, yale yanayokunjwa na kubebwa kwenye buti ya gari, yamezoeleka mjini Goma, mashariki mwa Kongo, katika nyua za mtaa wa Himbi na katika sehemu za kulia zilizo kando ya Ziwa Kivu, ingawa makala, yaani makaa, bado ndiyo yanayopika sehemu kubwa ya chakula cha mji. Mbabula, yaani jiko la makala, ikikataa kuwaka, kasoro yake huonekana kwa macho: makala yameloa, au upepo haupiti chini. Jiko la gesi huficha kasoro yake ndani ya kifaa kidogo cha chuma kisichofunguliwa, yaani regulata, ambayo wauzaji wengi wa mtaa wa Birere huiita detanderi, na kwa kuwa hakuna anayeona kinachoendelea ndani yake, hulaumiwa kwa kila kitu.

Maelezo haya yanaanza na kile ambacho mpishi anakiona au kukinusa, kisha yanarudi nyuma hadi kwenye sababu. Msimamo wangu niutaje mapema: regulata nyingi zinazoletwa kwa fundi zikisemwa zimekufa ni nzima, na regulata yenye kasoro ya kweli haitengenezwi, bali hubadilishwa. Kazi yote ya uchunguzi ni kujua iliyo mbele yako ni ipi kati ya hizo mbili.

Mahali pa kufanyia uchunguzi

Gesi ya mtungi ni propani, butani au mchanganyiko wake, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kwa karibu mara moja na nusu, butani kwa karibu mara mbili. Mkazi wa Goma hahitaji kuchorewa picha ili alielewe jambo hili, kwa sababu mazuku, ile kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala mabondeni na katika mashimo ya mawe ya lava, ina uzito unaokaribia kabisa ule wa propani, na gesi iliyovuja kutoka mtungini hulala chini vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mazuku hukosesha pumzi, ilhali gesi ya kupikia, mbali na kuikosesha, husubiri cheche. Kwa hiyo jiko lichunguzwe nje, mahali tambarare penye upepo, mbali na shimo, mtaro au ngazi za kushuka chini ya nyumba, na mbali na mbabula ya jirani hata kama inaonekana imezimika.

Kama harufu ya gesi ni kali tangu mwanzo, uchunguzi usianze. Funga vali ya mtungi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya umeme iliyo karibu, hamisha watu, uache upepo ufanye kazi yake mpaka harufu iishe kabisa. Harufu hiyo si ya gesi yenyewe. Huongezwa kiwandani ili pua ipate habari mapema, na haifai kuipuuza kwa kisingizio kwamba kila mtungi hunuka kidogo. Mtungi mzima uliofungwa haunuki.

Regulata hufanya nini

Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na mvuke ulio juu yake hukaa kwa shinikizo linalotegemea aina ya gesi na joto la siku. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, propani tupu husukuma kwa zaidi ya bari 7 juu ya hewa ya nje, na butani tupu kwa bari 1 hivi. Jiko, kwa upande wake, linataka shinikizo dogo sana: milibari 28 hadi 37 kwa majiko mengi ya Ulaya, milibari 50 kwa mengi yaliyotengenezewa soko la Ujerumani, na inchi 11 za maji, yaani milibari 27 hivi, kwa mengi ya yale ya Marekani yanayotumia mtungi mkubwa. Ikumbukwe kwamba bari 1 ni milibari 1,000. Hapo ndipo ukubwa wa kazi ya regulata unapoonekana.

Kazi hiyo hufanywa na kiwambo cha mpira ambacho upande mmoja kinasukumwa na springi na upande wa pili na gesi. Gesi ikipungua kwenye njia ya kuendea jikoni, springi hukisogeza kiwambo, mkono mdogo wa chuma hufungua kizibo, na gesi zaidi huingia. Gesi ikizidi, kiwambo hurudi na kizibo hujifunga. Upande wa springi umetobolewa tundu dogo la kupumulia, kwa sababu kiwambo hakiwezi kwenda na kurudi ikiwa hewa iliyo nyuma yake imefungiwa. Tundu hilo, ambalo watu wengi hawajui hata kama lipo, litatajwa mara kadhaa hapa chini.

Moto ni hafifu

Hii ndiyo dalili inayoongoza kwa malalamiko, na ndiyo yenye sababu nyingi zisizohusu regulata. Swali la kwanza ni kama vichomeo vyote ni dhaifu au ni kimoja tu. Kama jiko lina vichomeo viwili na kimoja kinawaka vizuri, regulata haina kesi, kwa sababu gesi ya vyote viwili hupita humohumo. Tazama nozeli ya kile kilicho dhaifu, yaani kile kijitundu cha shaba nyeupe au njano ambamo gesi hutokea kabla ya kuchanganyika na hewa. Buibui wadogo hupenda kujenga ndani ya bomba la kichomeo jiko linapokaa stoo bila kutumika, na uzi wa utando mmoja unatosha kugeuza mwelekeo wa gesi. Safisha bomba kwa brashi nyembamba na nozeli kwa kupuliza. Usiichokoe kwa sindano wala msumari, kwa kuwa tundu likipanuka hata kidogo, jiko halitarudi kuwa kama lilivyokuwa.

Kama vyote ni dhaifu, pima mtungi. Uzito wa mtungi mtupu huwa umegongwa au kuandikwa kwenye shingo au kwenye pete ya juu. Uweke mtungi kwenye mizani, toa uzito huo, na kilichobaki ndicho gesi. Kutikisa mtungi na kusikiliza hakutoshi, kwani mtungi uliobakiza kidogo hutoa sauti inayoweza kumdanganya hata mzoefu. Kisha ukague mpira wa gesi kwa urefu wake wote: umekunjika nyuma ya mguu wa jiko, umekanyagwa, umekuwa mgumu na kupasukapasuka? Mpira wa zamani huweza pia kujaa ndani mafuta mazito yanayoachwa na gesi, na mafuta hayo, mtungi na jiko vikihamishwahamishwa, hurudi hadi kwenye regulata na kufanya kiwambo kiwe kizito.

Majiko yaliyoletwa kutoka Marekani yana sababu yake ya pekee, na inawachanganya watu kuliko zote. Kiunganishi chao cha mtungi mkubwa, kile chenye nati pana ya plastiki inayofungwa kwa mkono, kina kizuizi cha usalama ambacho hubana njia kikihisi gesi inakimbia kupita kiasi, kama ambavyo ingekimbia mpira ukikatika. Mtu akifungua vali ya mtungi kwa haraka, au akiifungua huku nobu za jiko zikiwa wazi, kizuizi hicho hudhani mpira umekatika, na jiko hubaki na moto mdogo hata mtungi ukiwa umejaa. Dawa yake ni kufunga nobu zote, kufunga mtungi, kuifungua regulata kutoka mtungini, kusubiri kama dakika moja, kuiunganisha tena, kisha kuifungua vali ya mtungi polepole na kuwasha kichomeo kimoja kwanza. Moto ukirudi, hakukuwa na kasoro. Ulikuwa ni mkono wa haraka.

Baridi nayo ina sehemu yake. Gesi inapogeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke hujichukulia joto kutoka kwenye mtungi wenyewe, na mtungi mdogo unaotumiwa kwa saa kadhaa hupoa mpaka umande unajikusanya nje yake hadi usawa wa kimiminika. Butani tupu huacha kabisa kutoa mvuke kwa shinikizo la kutosha ikikaribia nyuzi 0, wakati propani huendelea hadi chini sana, kwani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Usiku wa Goma haufiki baridi ya kuizuia butani isigeuke mvuke, lakini jioni ya mvua, mtungi mdogo na kichomaji cha nyama kinachotaka gesi nyingi vikikutana, moto hushuka taratibu kadiri saa zinavyokwenda, na asubuhi yake kila kitu huonekana kizima. Lubumbashi, ambako asubuhi za Juni na Julai ni baridi kweli, jambo hili huonekana zaidi. Uweke mtungi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, au utumie mtungi mkubwa zaidi. Maji ya moto, makala chini ya mtungi au kuulaza mtungi karibu na jiko ni mambo yasiyojadiliwa.

Kuna pia urefu wa mji. Goma iko karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Bukavu hivyohivyo au zaidi kidogo, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Regulata hulinganisha gesi na hewa ya mahali ilipo, kupitia lile tundu la kupumulia, hivyo tofauti ya milibari 30 inabaki kuwa milibari 30. Kinachopungua ni oksijeni inayovutwa na kichomeo. Jiko lililowaka buluu safi Dar es Salaam laweza kuonyesha ncha za njano Goma na kupunguza joto kiasi. Kifuniko cha hewa kilicho mwanzoni mwa kichomeo, kama kipo, kifunguliwe kidogo zaidi. Anayenunua regulata mpya kwa ajili ya ncha hizo za njano anatupa pesa.

Baada ya hayo yote ndipo regulata inapoingia kizimbani. Itazame kwa karibu, mwangani, kwenye uso wake wa mviringo au pembeni: utaona tundu lisilozidi ncha ya kalamu, mara nyingi likiwa limejificha chini ya ukingo wa kifuniko. Katika mji ambao barabara zake nyingi ni lava iliyosagwa, vumbi jeusi hukandamana hapo na mafuta ya nyama mpaka tundu linafanana na chuma kilicholizunguka. Nyigu wadogo nao hulisiliba kwa udongo. Tundu likiziba, kiwambo hujongea kwa shida, na jiko huchelewa kuitikia nobu: ukiongeza, moto haupandi, ukipunguza, haushuki. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kausha, ondoa uchafu kwa brashi laini. Usiingize waya, kwa sababu mbele yake, umbali mfupi tu, kuna kiwambo chenyewe. Kama tundu ni safi, mtungi una gesi, mpira umenyooka, nozeli ni safi, na regulata nyingine ya shinikizo hilohilo inaleta moto mzuri kwenye jiko hilohilo, basi ile ya kwanza imechoka na ibadilishwe.

Moto ni mrefu, unanguruma au unaruka kutoka kwenye kichomeo

Dalili hii huonekana mara chache kuliko ile iliyotangulia, lakini ndiyo inayoogopesha, na kwa haki. Jambo la kwanza ni kuzima, kisha kusoma maandishi mawili: kibao cha jiko na uso wa regulata. Vyote viwili vina namba ya shinikizo, na namba hizo sharti zilingane.

Goma ni mahali ambapo namba hizo hukosa kulingana kwa urahisi. Jiko limetumwa na ndugu aliyeko Ulaya au Marekani, mtungi umevuka mpaka kutoka mashariki, na regulata imenunuliwa sokoni kwa kuangalia tu kama inaingia kwenye mdomo wa mtungi. Midomo ya kubofya huja kwa vipimo tofauti, kama vile milimita 20, 22 na 27, na mingine ni ya kufunga kwa nati, ambayo baadhi yake huzungushwa kinyume na kawaida. Mnunuzi anapopata inayoingia hufurahi, akasahau kuuliza swali la pili. Kuingia si kufaa.

Tofauti ndogo hutoa dalili ndogo. Gesi inayopita kwenye nozeli huongezeka kwa kipeuo cha pili cha shinikizo, kwa hiyo jiko la milibari 30 likipewa regulata ya milibari 37 huchoma gesi zaidi kwa asilimia 11 hivi, na likipewa ya milibari 50 huchoma zaidi kwa karibu asilimia 29. Nyama huungua nje ikabaki mbichi ndani, sufuria hujaa masizi, ncha za moto huwa njano. Watu huvumilia hali hiyo kwa miezi wakidhani ni tabia ya jiko. Haipaswi kuvumiliwa, kwa kuwa moto usiokamilika kuungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua ndani ya nyumba; hii ni sababu nyingine ya kutolitumia jiko la kuchomea nyama ndani au kwenye baraza lililofungwa.

Tofauti kubwa ni suala jingine. Sokoni kuna regulata zenye mpini wa kuzungusha, nyingi zikiwa nyekundu, zilizokusudiwa kwa majiko makubwa ya mahoteli, mienge ya kuunguzia na vifaa vya karakana. Hizo huweza kutoa bari 2 au zaidi. Bari 2 ni milibari 2,000, yaani zaidi ya mara 60 ya kile ambacho jiko dogo linakitarajia, na hata mpini ukizungushwa mpaka mwisho wa upande wa kupunguza, hakuna alama inayoweza kuaminika kwa milibari 30. Muuzaji atasema kwamba ni imara kuliko zile nyepesi, na kwa uimara wa chuma anasema kweli. Kwa jiko la kubebeka, hiyo ndiyo njia fupi zaidi ya kugeuza hitilafu ya moto hafifu kuwa ajali, na ukiikuta kwenye jiko lako usiendelee na uchunguzi mwingine kabla ya kuiondoa.

Ikiwa namba zinalingana na bado moto unaruka, sababu iliyobaki ni kwamba kizibo cha ndani hakifungi sawasawa. Chembe ya kutu au ya vumbi imelala kwenye kiti chake, na gesi ya mtungi hupenya hata pale isipohitajika. Dalili yake ya pekee ni hii: jiko likiwa limezimwa kwa muda huku mtungi ukiwa wazi, ukiwasha tena moto huruka juu kwa sekunde moja au mbili kisha hutulia. Gesi ilikuwa inajilimbikiza kwenye mpira. Hapa hakuna cha kusafisha kutoka nje, ibadilishwe.

Harufu ya gesi

Andaa maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, mazito kidogo, na brashi ya rangi. Kiberiti kisikaribie, hata kwa wale wanaojivunia kwamba wamekitumia miaka yote. Nobu za jiko zikiwa zimefungwa, fungua vali ya mtungi na upake sabuni kwa utaratibu: mahali regulata inapokaa kwenye mtungi, shina la vali, mpira unapoingia kwenye regulata, mpira unapoingia kwenye jiko, kisha urefu wote wa mpira.

Mapovu kati ya mtungi na regulata mara nyingi hutokana na washa, yaani pete ya mpira, iliyo ndani ya mdomo wa mtungi au kwenye ncha ya regulata. Washa hiyo ikikatika, ikianguka au ikikauka, hakuna nguvu ya spana itakayoziba. Utepe wa tefloni nao hausaidii hapa, kwa sababu viunganishi hivi hujiziba kwa mpira au kwa chuma kugusana na chuma, wala si kwa nyuzi za skrubu. Ukiuzungushia utepe unaweza hata kukizuia kiunganishi kisikae mahali pake. Badilisha washa, au urudishe mtungi kwa aliyekuuzia kama washa ni sehemu ya vali yake. Regulata ya kubofya inapaswa kutoa mlio mfupi ikikaa, na baada ya hapo isinyanyuke ukiivuta kwa mkono. Mapovu kwenye mpira wenyewe yana jibu moja tu, nalo ni mpira mpya wenye vibano vyake. Gundi na mkanda wa umeme si matengenezo.

Sehemu inayohitaji utulivu ni tundu la kupumulia. Weka tone la sabuni juu yake mpaka utando mwembamba uzibe mdomo, kisha mtu wa pili afungue mtungi taratibu. Regulata nzima huusukuma utando huo mara moja, pengine ukavimba ukawa povu moja dogo, kisha ukatulia. Ukiwasha kichomeo na kukizima, utauona ukiingia na kutoka kidogo, kwa sababu kiwambo kinasogea na hewa iliyo nyuma yake inasogea pamoja nacho. Hiyo ni afya. Lakini mapovu yakiendelea kutoka moja baada ya jingine bila kukoma, kiwambo kimepasuka na kinachotoka si hewa tena bali ni gesi. Funga mtungi hapohapo. Regulata ya namna hiyo haifai hata kwa jioni moja, na kuliziba tundu kwa nta au ubani, kama nilivyowahi kuona kwenye jiko lililoletwa kwangu, huondoa harufu na kuiacha hatari palepale, kwa kuwa sasa hakuna kitakachodhibiti shinikizo. Baada ya jaribio, futa sabuni yote, isije ikakauka na kuziba tundu lililokuwa safi.

Mvumo, kupwita na barafu

Mvumo mwembamba kutoka kwenye regulata, hasa moto ukiwa mdogo, husababishwa na kiwambo kinachotetemeka, na peke yake si kasoro. Moto unaopwita, yaani kupanda na kushuka kama unaohema, ni jambo zito zaidi. Mara nyingi kimiminika kimeingia kwenye regulata, aidha kwa sababu mtungi umelazwa, au umebebwa ukiwa umelala na kuunganishwa papo hapo, au umejazwa kupita kiasi. Mtungi haupaswi kujazwa zaidi ya asilimia 80 hadi 85 ya ujazo wake, ili mvuke upate nafasi; anayehamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa kukisia, kama inavyofanyika pembezoni mwa masoko, hana namna ya kujua alipofika. Vile vijitungi vyembamba vya Marekani vya paundi moja, ambavyo majiko mengi ya kubebeka huja navyo, vimetengenezwa kutumika mara moja na havipaswi kujazwa tena kamwe. Mtungi usimame wima kwa muda kabla ya kuwasha, na kupwita kukiisha, suala limekwisha.

Umande au barafu nyembamba kwenye mwili wa regulata hueleza habari hiyohiyo, au kwamba gesi inayotakiwa ni nyingi kuliko ilivyozoea kupitisha. Kwa jiko la kubebeka sababu hii ya pili ni nadra. Kilo moja ya gesi hutoa karibu kilowati-saa 13.8, kwa hiyo jiko la kilowati 3 hutumia gramu 220 hivi kwa saa, wakati regulata ya kawaida ya nyumbani hupitisha kilo 1 au 1.5 kwa saa. Ukiona barafu kwenye regulata ya jiko dogo, tafuta mtungi uliolala au uliojazwa mno kabla ya kutafuta kitu kingine.

Kupima kwa maji, kwa mafundi

Aliye na jiko moja anaweza kuiruka sehemu hii, lakini fundi anayepokea majiko ya watu ana kipimo cha bei ndogo kuliko geji yoyote. Chukua mpira mwangavu wa mita 4 hivi, ukunje uwe na umbo la herufi U, uufunge kwenye ubao wima, na ujaze maji hadi nusu. Milibari 1 husukuma maji kwa sentimita 1.02. Kwa hiyo, mkono mmoja ukiunganishwa kwenye njia ya gesi baada ya regulata na mwingine ukiachwa wazi, tofauti ya urefu wa maji kati ya mikono miwili huwa sentimita 30.6 kwa regulata ya milibari 30, sentimita 37.7 kwa ya 37, na sentimita 51 kwa ya 50. Ipimwe tofauti kati ya nyuso mbili za maji, si kupanda kwa upande mmoja tu, kosa ambalo hutoa nusu ya jibu.

Soma kwanza kichomeo kikiwa kinawaka, halafu kikiwa kimezimwa. Kuzima huongeza shinikizo kidogo, na hilo ni la kawaida; kinachotafutwa ni kama maji yanasimama. Yakiendelea kupanda polepole dakika baada ya dakika, kizibo kinavuja ndani, hata kama moto ulionekana mzuri. Yakishuka sana kila kichomeo cha pili kinapowashwa, njia ya kuingilia imebanwa. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwa regulata ya mpini, ambayo itayatupa maji yote nje na kufuatisha gesi.

Kununua nyingine

Nenda sokoni na regulata ya zamani mkononi, au na picha ya mdomo wa mtungi na ya kibao cha jiko, na useme mambo matatu: aina ya mdomo, shinikizo kwa milibari, na kilo kwa saa. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, ambayo kwa kawaida imegongwa kwenye mwili. Watengenezaji wengi hushauri regulata ibadilishwe ikifika miaka 10, na mpira huchoka mapema zaidi. Bidhaa iliyokaa miaka kadhaa kwenye rafu lenye jua imekwisha kula sehemu ya umri huo kabla hujailipia. Itikise karibu na sikio: isiwe na kitu kinachogongagonga ndani. Bonyeza mkono wa kufungulia mara kadhaa uone kama unarudi bila kusita. Isiyo na namba ya shinikizo popote irudishwe kwa muuzaji, hata kama bei yake inavutia.

Upande wa magharibi wa mji na kuelekea Sake kuna jambo la kuongezea. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hufanya mvua ya sehemu hizo kuwa na asidi, ile inayotafuna mabati kabla ya wakati wake, na aloi ya regulata haiko salama zaidi kuliko bati. Jiko likiachwa uani, ifungue regulata na kuiweka ndani mahali pakavu, tundu likitazama chini, na mdomo ukiwa umefunikwa kwa mfuko safi ili vumbi lisiingie.

Ile ya zamani iliyothibitika kuwa mbovu usiitupe nzima jalalani, kwa sababu itaokotwa, itasuguliwa na kurudi mezani Birere kama mpya. Igonge mdomo wake kwa nyundo mpaka usiweze tena kukaa kwenye mtungi wowote. Mpya ikishafungwa, rudia jaribio la sabuni katika viungo vyote, fungua mtungi polepole, washa kichomeo kwa kiwango cha chini, na ukae na jiko dakika kumi za kwanza kabla ya kuweka nyama.